MANYATTA lina alama 13: Mbinu za kusaka maneno ya Kiingereza kwa herufi zake

MANYATTA ni jina la eneobunge katika Kaunti ya Embu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, ambalo ndani yake umo pia mji wa Embu. Kwa mchezaji wa Scrabble, hata hivyo, Manyatta ni kitu kingine. Ni neno halali la Kiingereza, lenye herufi nane na thamani ya alama 13.

Wengi hulipinga wanapoliona likipangwa kwenye ubao. Hoja yao ni kwamba majina ya mahali hayaruhusiwi, na katika hilo wana haki, kwani kanuni za mchezo zinakataza majina ya watu na ya mahali. Hata hivyo, orodha ya maneno ya Collins, inayotumiwa katika mashindano ya kimataifa, imelisajili MANYATTA kama nomino ya kawaida, kwa maana ya kijiji cha Wamaasai. Anayelipinga bila kujua hayo hushindwa katika pingamizi lake, na mahali pengi hutozwa adhabu.

Mfano huo unaonyesha kwamba mchezo wa maneno hauamuliwi na ufasaha wa kuzungumza pekee. Huamuliwa na uwezo wa kutazama herufi chache zilizotawanyika na kuliona neno lililojificha ndani yake. Uwezo huo hufundishika. Kwa mwanafunzi wa Kenya, ambaye husoma na kutahiniwa karibu masomo yote kwa Kiingereza, faida yake haiishii mchezoni. Mtoto anayeyahofu maneno huihofu karatasi nzima ya mtihani, iwe ni ya sayansi au ya historia.

Makala haya yanaeleza mbinu zinazotumiwa kupata maneno ya Kiingereza yenye herufi fulani, pamoja na nafasi ambayo msemaji wa Kiswahili anayo katika kazi hiyo.

Chanzo cha mchezo

Scrabble ilibuniwa na msanifu majengo wa Marekani, Alfred Mosher Butts, katika miaka ya 1930, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi uliowaacha wengi bila kazi. Ili kujua ni mara ngapi kila herufi hutumika, Butts alihesabu herufi katika kurasa za magazeti, likiwemo New York Times. Mwaka wa 1948 mwenzake James Brunot aliupa mchezo huo jina unalojulikana nalo hadi leo.

Vigae vya mchezo ni 100. Kati yake, 98 vina herufi na viwili ni vitupu, navyo mchezaji huvipa herufi yoyote atakayo. Irabu ni 42: E 12, A 9, I 9, O 8 na U 4. Konsonanti ni 56. Herufi zinazotumika sana, kama E, A, T na R, zina alama moja kila moja, ilhali J na X zina alama 8, na Q na Z zina alama 10. Kila mchezaji hushika vigae saba, na akivimaliza vyote kwa mkupuo mmoja huongezewa alama 50.

Ndiyo maana MANYATTA ni neno linalotamanika. Mchezaji mwenye herufi zake saba mkononi, akaikuta ya nane imekwisha kuwekwa ubaoni mahali panapofaa, hupata 13 za neno na 50 za ziada. Jumla ni 63, kabla ya kuhesabu miraba inayozidisha alama.

Maswali ya aina tatu

Anayetafuta neno kwa herufi zake hukabiliwa na swali la aina moja kati ya tatu, na kila aina ina njia yake.

Aina ya kwanza ni pale herufi zote zinapojulikana, ila mpangilio wake haujulikani. Hii ndiyo Scrabble, na ndiyo mafumbo ya kupangua na kupanga upya.

Aina ya pili ni pale idadi ya herufi na nafasi za baadhi yake zinapojulikana. Hii ndiyo chemshabongo ya magazetini, ambapo msomaji anajua kwamba neno lina herufi sita, ya pili ni A na ya mwisho ni T. Mchezo wa Wordle, ambao Josh Wardle aliutoa kwa umma mwaka wa 2021 na gazeti la New York Times likaununua mwaka wa 2022, ni wa aina hii. Mchezaji hupewa nafasi sita za kubahatisha neno la herufi tano.

Aina ya tatu ni pale herufi moja inapolazimishwa iwemo, nyingine zikiwa za hiari. Mchezaji aliyebaki na Q mkononi mwishoni mwa mchezo yumo katika hali hii, apende asipende.

Kupanga upya herufi

Hatua ya kwanza kwa swali la aina ya kwanza ni kutenga irabu na konsonanti. Macho huchoka yakitazama herufi zilizokaa kwa mpangilio uleule, na kwa hiyo wachezaji hodari huvihamisha vigae vyao mara kwa mara.

Hatua ya pili ni kutafuta viambishi. Kiingereza kina mianzo na miishio mingi inayojirudia. Mwenye I, N na G aziweke kando upande wa kulia na kutazama herufi nne zilizosalia: je, zinaunda kitenzi? Vivyo hivyo kwa ED, ER, EST, LY na NESS mwishoni, na RE, UN, DIS na OUT mwanzoni. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa wazo hili kwa muda mrefu, kwa kuwa lugha yake yote hujengwa kwa viambishi. Anayejua kwamba pika huzaa pikia, pikwa na mpishi, atatambua upesi kwamba TEACH huzaa TEACHER, TEACHING na RETEACH.

Hatua ya tatu ni kukariri mashina yenye rutuba. RETINA, sehemu ya jicho inayopokea mwanga, ni mojawapo ya yanayosifika zaidi. Ukiliongezea G utapata GRANITE, INGRATE na TEARING. Ukiliongezea P utapata PAINTER, PERTAIN na REPAINT. D huleta TRAINED, na S huleta NASTIER, RETAINS na STAINER. Shina moja la herufi sita hivyo hufungua milango ya maneno mengi ya herufi saba, na kila moja hustahili zile alama 50.

Wengine hujizoeza kwa kupanga herufi za neno kwa utaratibu wa alfabeti. SERUM likipangwa hivyo huwa EMRSU. Mwanafunzi huandika EMRSU upande mmoja wa kadi na SERUM upande wa pili, kisha hujipima hadi jicho lizoee kuziona herufi hizo na kulikumbuka neno papo hapo.

Zoezi linaweza kuanzia nyumbani. MERU, likiwa jina la mahali, halikubaliki, lakini herufi zake hutoa MURE, kitenzi cha kale chenye maana ya kufungia ndani ya kuta. Ongeza S upate SERUM. EMBU nalo halikubaliki, ila likiongezewa S mwishoni huwa EMBUS, yaani kupanda basi, neno lililotoka katika lugha ya wanajeshi. Herufi za EMBU pamoja na R huunda UMBER, udongo wa rangi ya kahawia unaotumiwa kutengenezea rangi, na BRUME, yaani ukungu. Pamoja na L huunda UMBEL, kishada cha maua kilichokaa kama mwavuli. Nayo MANYATTA ndani yake mna NATTY, MANTA, MANY, YAM na mengineyo.

Pale nafasi zinapojulikana

Kwa chemshabongo na Wordle, silaha kuu ni kujua ni herufi zipi hukaa pamoja. Katika Kiingereza, Q kwa kawaida hufuatwa na U. H hupenda kutanguliwa na C, S, T, P, G au W. Neno linaloishia na V au J ni nadra. Ukiona neno la herufi tano ambalo ya nne ni H, fikiria miishio TH, CH na SH, kisha utazame ya tano kama ni E au Y, au kama mfuatano huo umevunjika.

Hapa msemaji wa Kiswahili hana budi kujihadhari na sikio lake. Kiswahili humaliza maneno yake kwa irabu, na ni mara chache konsonanti kurundikana. Kiingereza hakijali hayo. STRENGTHS lina konsonanti tatu mwanzoni na tano mwishoni, na irabu moja tu katikati. Yapo hata maneno yasiyo na irabu yoyote kati ya zile tano: RHYTHM, MYTH, GYM na LYNX hutumia Y mahali pa irabu, ilhali NTH, PSST na TSK hayana hata hiyo. CWM, yaani bonde la milimani, na CRWTH, ala ya muziki yenye nyuzi, yametoka Wales. Anayebaki na konsonanti tupu mkononi asikate tamaa kabla ya kuyapitia haya.

Maneno ya herufi mbili

Wachezaji wenye uzoefu husema kwamba anayeanza asikimbilie maneno marefu. Ajifunze kwanza ya herufi mbili, kwa maana ndiyo gundi inayounganisha maneno ubaoni. Mwaka wa 2019 Collins iliongeza EW, OK na ZE, na idadi ya maneno hayo ikafika 127.

Kati yake, kundi linaloishia na A linakaririwa kwa urahisi na Mswahili, kwa sababu viunganishi vingi vya lugha yake vimo. YA, LA, ZA na NA ni halali, ingawa maana zake ni tofauti: ZA, kwa mfano, ni ufupisho wa pizza. BA, DA, FA, HA, JA, KA, MA, PA na TA pia yamo. WA halimo, na wengi hupoteza zamu kwa kulidhania. KU halimo pia, wala NI, ijapokuwa SI na PO yamo.

Hakuna neno hata moja la herufi mbili lenye V. Lenye C ni moja tu, nalo ni CH. Mwenye X ana AX, EX, OX, XI na XU. Mwenye Q ana QI, neno la asili ya Kichina lenye maana ya nguvu ya uhai, ambalo huenda ndilo linalookoa wachezaji wengi kuliko yote.

Q bila U: akiba ya Mswahili

Q ni mzigo kwa asiyejiandaa. Ikibaki mkononi mchezo unapokwisha, thamani yake ya alama 10 humgeukia mwenyewe. Kuipata U si jambo la hakika, kwani zipo nne tu. Kwa hiyo maneno yenye Q isiyofuatwa na U ni hazina, na hapa ndipo msemaji wa Kiswahili anapomtangulia Mwingereza.

Sababu ni kwamba maneno hayo mengi yametoka Kiarabu, na Kiswahili nacho kilikopa kutoka chanzo hicho hicho. Kiingereza kiliweka Q mahali ambapo Kiswahili kiliweka K. QADI ni kadhi. QIBLA ni kibla. TALAQ ni talaka. WAQF ni wakfu. FAQIR ni fakiri. Mtu aliyelelewa kwa Kiswahili hahitaji kukariri maana. Anachopaswa kufanya ni kubadilisha tahajia tu. Ziongezwe SUQ, yaani soko, pamoja na NIQAB na BURQA, mavazi ya kujifunika uso na mwili. WAQF lina alama 19, FAQIR 17, QIBLA 16, na QADI na TALAQ 14 kila moja.

Kadhi pia huandikwa KADI, CADI na QAZI. Mchezaji anaweza pia kuweka KAZI ubaoni na kupata alama 17, mradi akumbuke kwamba maana yake kwa Kiingereza si ile ya Kiswahili.

Wenyeji wa Meru wana lao. Miraa inayolimwa katika maeneo ya Igembe na Tigania hujulikana kwa Kiingereza kwa tahajia kadhaa, zikiwemo KHAT, KAT na QAT. Mwenye Q, A na T mkononi ana alama 12, na jirani wa shamba la miraa hana sababu ya kulisahau neno hilo.

Maneno yetu katika kamusi yao

Kiingereza kimekopa pia kutoka Kiswahili moja kwa moja, na maneno mengi ya Afrika Mashariki yamo katika orodha ya Collins. SAFARI, BWANA, ASKARI, PANGA, BOMA, UGALI, MATATU, SHAMBA, NGOMA, UHURU, HARAMBEE na MZEE ni baadhi yake. MZEE lina alama 15 kwa herufi nne tu. UHURU ni msaada mkubwa kwa aliyelemewa na U tatu. UGALI lina alama sita, lakini humaliza irabu tatu kwa mara moja.

Tahadhari ni kwamba neno likishavuka mpaka hufuata sarufi ya wenyeji wake wapya. Wingi wa SHAMBA mchezoni ni SHAMBAS, wala si mashamba. Wazee wawili huandikwa MZEES. SAFARI limegeuzwa hata kuwa kitenzi, na SAFARIED ni halali. Msikilizaji mpenda Kiswahili sanifu huenda akakunja uso, lakini mwamuzi hapa ni kamusi ya Kiingereza.

Jambo hilo lina funzo kwa walimu. Mtoto wa Manyatta anayeambiwa kwamba Kiingereza ni lugha ya watu wengine huingia darasani akiwa mgeni. Akionyeshwa kwamba ugali anaokula na matatu anayoipanda yamo katika kamusi hiyo, huanza kuifungua kwa hamu ya kutafuta mengine. Kuanzia hapo kusoma maana ya maneno asiyoyajua huwa ni hatua ndogo.

Mwamuzi ni nani?

Ugomvi mwingi katika michezo ya nyumbani na ya shuleni hutokana na kutokubaliana kuhusu kamusi. Kamusi ndogo ya mwanafunzi haina QI wala WAQF. Orodha ya Collins, ambayo toleo lake la mwaka 2024 lina zaidi ya maneno 280,000, inayo. Marekani na Kanada nazo hutumia orodha yao, ambayo ni fupi zaidi. Busara ni wachezaji kukubaliana kabla ya kigae cha kwanza kuwekwa, na neno lolote lenye utata litafutwe papo hapo.

Siku hizi programu za tarakilishi na za rununu hutoa orodha nzima ya maneno kwa herufi utakazoandika, kwa muda wa sekunde moja. Kwa kawaida aina ya herufi isiyojulikana huwekewa alama ya kuuliza au nukta. Kutumia chombo hicho mchezo ukiendelea ni udanganyifu, na mashindano huvipiga marufuku. Kukitumia baada ya mchezo ni somo zuri: mchezaji huandika herufi alizokuwa nazo, huona alichokikosa, kisha hunakili maneno mawili au matatu pamoja na maana zake. Anayenakili mia kwa siku moja huyasahau yote.

Kuhusu maana, wataalamu wa mchezo wenyewe hutofautiana. Nigel Richards wa New Zealand, bingwa wa dunia mara kadhaa kwa Kiingereza, alishinda ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa mwaka wa 2015 bila kuzungumza lugha hiyo. Alikuwa amekariri orodha ya maneno. Mwaka wa 2024 alifanya hivyo hivyo kwa Kihispania. Kwa bingwa, huo ni ustadi wa kutisha. Kwa mwanafunzi, neno lisilo na maana ni alama za jioni moja tu, na halitamsaidia akiwa na insha mbele yake.

Afrika katika ulingo huo

Kwamba Kiingereza ni lugha ya kujifunza shuleni hakujawazuia Waafrika kufika kileleni. Mwezi Novemba mwaka wa 2015, mjini Perth, Australia, Wellington Jighere wa Nigeria alimshinda Lewis Mackay wa Uingereza kwa michezo minne kwa bila katika fainali, na kuwa Mwafrika wa kwanza kuutwaa ubingwa wa dunia kwa Kiingereza. Miongoni mwa maneno yaliyomfaa siku hiyo ni FELTY, lenye herufi tano tu. Wanigeria walijulikana kwa kuthamini maneno ya wastani yanayofunga ubao, badala ya kusubiri kila mara neno refu la herufi saba.

Miaka miwili baadaye, mwaka wa 2017, mashindano ya dunia yalifanyika Nairobi, na Akshay Bhandarkar akaibuka mshindi. Wachezaji wa Kenya walipata fursa ya kuwaona magwiji hao nyumbani, umbali wa kilomita zisizozidi 150 kutoka mji wa Embu.

Kwa shule au familia inayotaka kuanza, mahitaji si mengi. Ubao mmoja hutosha wachezaji wanne. Penye uhaba wa fedha, vigae 100 huweza kukatwa kutoka katoni ngumu na kuandikwa kwa wino kwa kufuata idadi ya kila herufi. Wiki ya kwanza itolewe kwa maneno ya herufi mbili, ya pili kwa Q bila U, na ya tatu kwa viambishi na shina la RETINA. Kila neno jipya liandikwe daftarini pamoja na maana yake kwa Kiswahili. Ukurasa wa kwanza wa daftari hilo unaweza kuanza na MANYATTA, alama 13.